Kompyuta za mitumba: rahisi Kariakoo, ghali Tabora

WAFANYABIASHARA wadogo wa Tabora wenye mtaji wa milioni tatu au nne, wanapoulizana nini cha kununua Dar es Salaam baada ya fedha za tumbaku kuingia mikononi mwa wakulima, hawakosi siku hizi kuitaja kompyuta ya mtumba. Haiozi kama nyanya, haihitaji ghala, na kumi kati yake zinaenea kwenye boksi moja chini ya basi. Wanunuzi nao wapo: wanafunzi wa vyuo, wenye stationari, walimu, na vijana wapenda kompyuta ambao kazi yao ni kufungua na kufunga mashine mpaka usiku wa manane.

Somo la wiki hii ni hesabu ya bidhaa hiyo pamoja na vitu vinavyofuatana nayo, yaani programu, betri, diski, chaja na vifaa vidogo vya umeme wa nyumbani. Bei rahisi ipo, tena ya kweli. Hata hivyo, bei rahisi ya Kariakoo na bei rahisi ya Tabora ni vitu viwili tofauti, na kati yake kuna kiasi cha kilomita 840 za reli.

USHANGA USIOPITA

Tabora ni mji ambao haukupaswa kufundishwa somo hili mara ya pili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika, mingine kwenda Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mingine Karagwe na Buganda. Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walijenga tembe zao hapa, na Wanyamwezi hawakuwa wapagazi tu kama wengi wanavyodhani. Wengi walipeleka pembe zao wenyewe pwani na kurudi na bidhaa zao wenyewe.

Bidhaa kubwa za kwenda bara zilikuwa nguo, ushanga na waya wa shaba. Richard Burton, aliyefika hapa pamoja na John Speke mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba wafanyabiashara walizijua aina zipatazo 400 za ushanga. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Rangi iliyogombewa mahali pamoja ilikataliwa mwendo wa siku chache mbele, na tena ilibadilika kwa kadiri watu walivyochoka na mtindo wa mwaka uliopita. Mfanyabiashara aliyevutwa na bei nafuu ya ushanga kule Unguja bila kuuliza unapendwa wapi, alimlipa mpagazi aubebe kwa miezi, akatoa hongo kwa kila mtemi njiani, kisha akajikuta na mzigo ambao hakuna aliyeutaka na ambao haukuweza kurudishwa.

Merikani, ile nguo nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Marekani, ilikuwa na tabia nyingine. Faida yake haikuwa ya kushangaza lakini ilipokelewa karibu kila mahali, kiasi kwamba ilihesabika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoifanya iwe adimu, ndipo nguo za kutoka kwingine zilipojaza pengo. Aidha mwaka 1871, vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Mali ilibaki imekaa Unyanyembe, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi kuzunguka kwa kusini. Mali iliyokaa hula mtaji hata kama haijaharibika. Wahasibu wa leo wana jina lake, mtaji uliofungwa, lakini watu wa tembe za Kwihara waliujua kwa njaa.

Kompyuta ya mtumba nayo ina ushanga wake na merikani yake. Tofauti ni kwamba rangi zake zimeandikwa kwa namba.

NAMBA ILIYO KWENYE KIBANDIKO

Sababu kubwa ya mashine nyingi kuingia katika soko la mitumba inajulikana. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa majumbani walipewa mpango wa nyongeza wa masahihisho ya usalama wa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali rasmi kompyuta zote. Pamoja na mambo mengine inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa zilizo katika orodha yake, ambazo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane. Ofisi ya Ulaya au ya Ghuba yenye mashine mia tatu za kizazi cha sita na cha saba haina muda wa kubembelezana nazo. Inaziondoa kwa pamoja, dalali anazichukua kwa uzito wa boksi, na baada ya muda zinaonekana Dubai, Mombasa na Dar es Salaam.

Mnunuzi asiyejua kusoma namba huambiwa "hii ni Core i5" na kuridhika. Neno hilo peke yake halisemi kitu. Kinachosema ni tarakimu zinazofuata. Katika i5-7200U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7, maana yake kizazi cha saba. Katika i5-8250U ni 8. Zinaonekana pacha, zote ni i5, huenda hata kava ni lile lile, lakini ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi na ya pili ina vinne, na zaidi ya hayo ya kwanza iko nje ya orodha ya Windows 11 ilhali ya pili imo. Tofauti ya bei kati yake dukani inaweza kuwa ndogo. Tofauti ya thamani baada ya mwaka mmoja si ndogo.

Je, basi mashine ya kizazi cha sita au cha saba haifai? Inafaa, tena sana, kwa mnunuzi anayejua anachonunua. Kijana anayetaka kujifunza kuandika programu, au stationari inayohitaji mashine ya kuchapia barua, ataitumia kwa miaka mingi ikiwekewa Linux. Ubaya ni kumuuzia mwanafunzi ambaye chuo chake kinamtaka Windows, kwa bei ya mashine ya Windows 11. Huo ndio ushanga wa rangi mbaya, na mwanafunzi huyo atarudi, tena na wenzake.

Zipo pia kompyuta ambazo bei yake ni ya kutupa kwa sababu zimefungwa. Mashine za makampuni makubwa huweza kuwa zimeandikishwa kwa mbali na mwenye mali wa kwanza. Ukiifuta yote na kuiunganisha na intaneti, inaomba jina na neno la siri la kampuni ambayo hata haijui kwamba Tabora iko wapi. MacBook iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa awali ni hivyo hivyo. Chromebook nazo, mbali na kufungwa na shule zilikotoka, zina tarehe ya mwisho wa masahihisho, ambayo mnunuzi hana budi kuitazama kwa jina la modeli kabla ya kutoa fedha. Kipimo cha haya yote ni kimoja: mashine iwashwe mbele ya mnunuzi, ifutwe, iunganishwe na intaneti ya simu, na ifike hadi mwisho. Muuzaji anayesema "hapa hakuna mtandao" katikati ya Kariakoo amekwisha jibu.

Betri ina kipimo chake pia. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa karatasi inayoonyesha ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani na kiasi inachoshika sasa. Iliyobaki na nusu si betri mbovu, lakini bei yake iwe ya nusu. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

HESABU YA BOKSI LA KUMI

Hapa ndipo wengi hupotea. Bei zifuatazo ni za mfano tu, kwa ajili ya kufundishia hesabu. Msomaji aweke zake.

Tuchukue mfanyabiashara wa Tabora anayepanda basi kwenda Dar es Salaam na kununua kompyuta mpakato kumi za kizazi cha saba kwa Sh. 350,000 kila moja, bila kuchagua, kwa sababu muuzaji amempa "bei ya jumla". Zinakuwa Sh. 3,500,000. Nauli, malazi na chakula chake kwa siku zote ni Sh. 250,000. Boksi, magodoro ya kuzuia mtikisiko na mizigo ni Sh. 100,000. Akifika nyumbani anagundua kwamba betri tano hazishiki moto, na kila moja ni Sh. 60,000 kubadili, jumla Sh. 300,000. Mashine moja haiwaki kabisa. Fundi anaichukua kama vipuri kwa Sh. 80,000.

Mezani kwake bei ni Sh. 450,000. Kichwani mwake anapata laki moja kwa kila mashine, hivyo milioni moja nzima. Kwenye karatasi mambo ni mengine. Ametumia jumla ya Sh. 4,150,000. Akiziuza zote tisa atapata Sh. 4,050,000, akiongeza Sh. 80,000 za vipuri ni Sh. 4,130,000. Amepata hasara ya Sh. 20,000, na hapo bado hajalipa kodi ya fremu, hajahesabu siku zake za safari, na amechukulia kwamba hakuna mteja aliyeomba punguzo. Kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, basi kila mwezi boksi linapokaa linamla Sh. 124,500.

Jirani yake hakusafiri. Ana mtu anayemwamini mjini Dar es Salaam, fundi, ambaye anamlipa Sh. 15,000 kwa kila mashine kuikagua kwa vipimo vilivyoelezwa hapo juu. Amenunua sita tu za kizazi cha nane, zilizochaguliwa, zenye waranti ya miezi mitatu, kwa Sh. 420,000 kila moja. Hizo ni Sh. 2,520,000. Ukaguzi Sh. 90,000, basi Sh. 60,000. Jumla Sh. 2,670,000, sawa na Sh. 445,000 kwa moja. Anaziuza Sh. 520,000 na kupokea Sh. 3,120,000. Faida ghafi ni Sh. 450,000, yaani karibu asilimia 17 ya mtaji aliouweka, na mtaji wenyewe ni pungufu ya ule wa mwenzake kwa karibu milioni moja na nusu.

Atasemaje yule wa kwanza? Atasema soko ni baya.

Jambo la kuzingatia katika mfano huu ni mashine moja kati ya kumi. Hiyo moja ndiyo iliyobeba faida ya mashine tatu na nusu. Mwenye duka Kariakoo akipata mbovu anairudisha kwa muuzaji wa jumla wa mtaa wa pili kabla ya adhuhuri. Wa Tabora hana mtaa wa pili. Kwa hiyo ubovu ule ule wa asilimia kumi una gharama kubwa zaidi kadiri unavyosogea mbali na bandari, na ndiyo sababu mfanyabiashara wa bara anatakiwa kulipia uhakika zaidi kuliko wa pwani, wakati kwa kawaida hufanya kinyume: kwa kuwa nauli imemwuma, anatafuta kuifidia kwa kununua cha bei ya chini kabisa.

Reli ya kisasa inayojengwa kutoka Makutupora kuja Tabora na kuendelea Isaka, itakapokamilika, itapunguza siku za safari. Haitapunguza mashine mbovu.

Suala la majira nalo lisisahaulike. Tabora ina misimu miwili ya kompyuta. Mmoja ni wa malipo ya tumbaku, ambapo mzazi wa Urambo au Sikonge ana fedha taslimu na mtoto wake ana orodha. Wa pili ni vyuo vinapofunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Anayenunua boksi mwezi Januari ananunua kwa bei nzuri, kweli, lakini aandike pembeni ni miezi mingapi fedha zake zitalala. Tumbaku yenyewe bei yake hupangwa kwa dola na kompyuta nazo hununuliwa nje kwa dola, kwa hiyo shilingi inapodhoofika mambo haya mawili husogea pamoja: mkulima anapata shilingi nyingi zaidi, na mashine inapanda. Wafanyabiashara wa nafaka hawana kinga ya namna hiyo.

LESENI ILIYOLALA NDANI YA MASHINE

Kuhusu programu, pengine hakuna eneo ambalo wapenda kompyuta hutupa fedha nyingi bila sababu kama hili. Kijana anampelekea fundi mashine "aweke Windows", fundi anaweka nakala iliyovunjwa kufuli, anachukua fedha yake, na virusi vinaingia pamoja na nakala hiyo. Kumbe leseni halali ilikuwemo muda wote. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa huiweka namba ya leseni ndani ya ubao mama, ule ambao mafundi huuita bodi. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro ikiwekewa upya toleo lile lile kutoka kwenye nakala rasmi ya Microsoft, ambayo kuipakua ni bure, hujitambua yenyewe mara inapopata intaneti. Na kama ni ya kizazi kinachokubaliwa, leseni hiyo hiyo huivusha mpaka Windows 11 bila malipo ya ziada. Haifanyi hivyo ikiwa bodi ilibadilishwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuuliza kama mashine imewahi kufunguliwa.

Kwa mfanyabiashara, hili ni jambo la fedha taslimu. Mashine yenye leseni yake inauzwa kama mashine yenye leseni, na stationari inayochapa mitihani ya shule italipa zaidi kwa hiyo. Namba za leseni zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya soda ni habari tofauti. Nyingi hutokana na mikataba ya makampuni au vyuo ambayo haikuruhusu kuuzwa tena, na mwenye programu anaweza kuzifuta siku yoyote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, hivyo duka linaloweka nakala zilizovunjwa lina hatari ambayo haionekani kwenye daftari la mauzo.

Iliyo rahisi kabisa ni ile isiyouzwa. LibreOffice inafanya sehemu kubwa ya kazi za ofisi ya kawaida. GIMP inatosha kwa picha za harusi na vipeperushi. VLC inafungua karibu kila filamu. Linux Mint au Ubuntu hufufua mashine ya RAM ya gigabaiti nne. Gharama yake ni bando la kupakulia, na hilo hulipwa mara moja kwa mtaa mzima kwa kuwa sheria yake inaruhusu kunakili kwenye flashi na kumpa jirani. Wakongwe wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni ya Canonical ilikuwa ikituma santuri za Ubuntu kwa posta, bila malipo, mpaka kwenye sanduku la barua la mwombaji, popote alipo. Nayo Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, Desemba 2004. Haikuenea kama ilivyostahili, labda kwa sababu nakala ya wizi ya Microsoft Office ilikuwa "bure" vile vile na mwalimu wa kompyuta alikuwa ameizoea.

Katika mji uliokuwa na Chuo cha Uhazili na kulea vizazi vya wapiga taipureta kwa ajili ya ofisi za nchi nzima, mtu angetarajia somo la kuchapa kwa programu huria liwe biashara tayari. Kompyuta sita za kizazi cha sita zenye Linux na LibreOffice, kwa ajili ya kufundishia, hazihitaji Windows hata kidogo. Kwa matumizi hayo, mashine ambayo soko linaikimbia ndiyo merikani.

UMEME WA JAPANI NA WA DUBAI

Vifaa vidogo vya nyumbani vina kanuni fupi zaidi. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Bidhaa za Dubai hutengenezwa kwa volti hizo hizo na mara nyingi plagi yake ni ile ya pini tatu za Kiingereza, ndiyo maana zimeenea bila matatizo. Bidhaa za Japani ni volti 100, na za Marekani ni 120. Kila mwenye gari kutoka Japani anaifahamu redio yake isiyofika masafa ya juu ya FM, na kulazimika kufunga kifaa cha kuvutia stesheni. Birika la Kijapani lililokuja ndani ya gari hilo ni hatari zaidi kuliko redio. Likichomekwa ukutani haliombi kifaa cha kuvutia, linaungua.

Kompyuta za mezani za msaada kutoka Marekani zimeua nyingi kwa njia hiyo. Nyuma ya nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Isiposogezwa kabla ya kuwashwa, sauti itasikika chumba cha pili. Chaja za kompyuta mpakato nyingi, kinyume chake, huandikwa 100-240 na hazina tatizo. Kusoma kibandiko hicho ni bure.

Kompyuta ya mezani inastahili hesabu nyingine hata kama ni ya volti sahihi. Tuchukulie kwamba pamoja na kioo chake inakula wati 150, na mpakato inakula 40. Kwa saa nane kwa siku na siku 26 kwa mwezi, tofauti ni kama uniti 23. Kwa Sh. 350 kwa uniti, ni Sh. 8,000 hivi kila mwezi, karibu laki moja kwa mwaka. Mezani iliyonunuliwa kwa laki moja chini ya bei ya mpakato imekula unafuu wake kabla ya kutimiza miezi kumi na tatu, na umeme ukikatika inazimika na barua ndani yake, isipokuwa kama mwenyewe amenunua UPS.

Flashi na diski za nje za "terabaiti mbili" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana hazina terabaiti mbili. Zimepangwa ili zidanganye kompyuta. Ukizidisha kiasi halisi, faili zinaharibika kimya kimya. Programu ya H2testw kwenye Windows, na F3 kwenye Linux, huijaza flashi nzima na kuisoma tena, kisha hutoa jibu la kweli. Mwenye duka ajaribu moja kabla ya kuagiza hamsini.

Yapo mambo ya serikali ambayo hupindua bei kwa usiku mmoja, na soko limeyaona mara kadhaa. Kompyuta zenyewe zilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974. Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa, kwa kuanzia Dar es Salaam, na televisheni zote za chogo zilizokuwa "rahisi" zikahitaji king'amuzi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia; waliokuwa wamejaza rafu wakabaki na plastiki. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 simu janja, vishikwambi na modemu vilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, na msamaha huo ukaondolewa mwaka uliofuata. Kompyuta haina ushuru wa forodha chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini mnunuzi asichanganye ushuru wa forodha na kodi nyingine zinazofuata bandarini, wala asiamini kwamba kila kodi inayopungua humfikia yeye.

Risiti ya mashine ya EFD ni sehemu ya bei. Duka lenye kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" na lisilotoa risiti linauza bidhaa bila ushahidi kwamba liliuza, hivyo hata waranti yake ni maneno. Namba ya siri ya mashine iandikwe kwenye risiti, si "laptopu 1" tu, kwa sababu mashine za wizi nazo hupita katika njia hii hii ya zamani, na polisi hawaulizi bei.

Kuhusu ile mashine isiyowaka iliyouzwa kwa fundi kwa Sh. 80,000, mwenye mali aliharakisha. Kioo kizima, RAM, diski, kibodi, bawaba na chaja vina soko lake kila kimoja katika mji ambao vipuri lazima visubiri basi. Mfanyabiashara anayeuza modeli moja au mbili tu, badala ya kuokota kila inayopita, hupata hapo hazina yake: kioo cha iliyokufa huiponya iliyoanguka, na chaja moja inazihudumia zote.